Nukta Nundu, Alama na Kishikwambi: Lugha katika Historia ya Kumfundisha Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu, kwa Kuangalia Beni na Butembo

Utangulizi

Katika miji ya Beni na Butembo, Kivu ya Kaskazini, watoto wengi huanza masomo wakiwa na lugha mbili mdomoni. Nyumbani hunena Kinande, ambacho wenyewe hukiita pia Kiyira. Sokoni, njiani na kanisani husikia Kiswahili. Wakifika darasani hukutana na lugha ya tatu, yaani Kifaransa, ambayo ndiyo lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na ndiyo itakayowapima katika mitihani mikubwa. Mtoto mwenye macho na masikio mazima huzivuka ngazi hizi tatu kwa taabu, lakini huvuka. Je, yule asiyeona, asiyesikia, au anayehitaji kurudiwa jambo moja mara ishirini kabla halijamkaa, atavuka kwa daraja gani?

Swali hili si jipya, ila limepata uzito mpya tangu kompyuta ndogo za kushikwa mkononi zilipoanza kuingia katika shule za Afrika Mashariki. Watanzania wamekizoea chombo hicho kwa jina la kishikwambi, hasa tangu Sensa ya mwaka 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi kuhesabia watu na baadaye vikagawiwa walimu. Wakenya husema tableti, na Wakongo, kwa kufuata Kifaransa, hutamka vivyo hivyo. Chombo chenyewe husifiwa kwamba chaweza kumsomea asiyeona, kumwonyesha kiziwi alama, na kumrudia mwenye ulemavu wa akili bila kuchoka wala kukasirika.

Makala hii inakusudia kuitazama sifa hiyo kwa jicho la historia. Hoja yake ni kwamba kila chombo kilichobuniwa kwa ajili ya wanafunzi hawa kilifaulu pale kilipotanguliwa na kazi ya lugha, na kilikwama pale kazi hiyo iliporukwa. Ikiwa ndivyo, basi swali la kishikwambi katika Beni ni swali la Kiswahili kabla ya kuwa swali la fedha au la umeme.

Majina na mtazamo

Inafaa kuanza na maneno, kwa kuwa maneno huonyesha jamii ilivyowatazama watu hawa. Kiswahili cha zamani kiliwaweka katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Ngeli hiyo ni ya vitu na vya kudogosha, ingawa upatanisho wa kisarufi uliwarudishia utu wao, kwani Mswahili husema “kipofu amekuja”, wala si “kipofu kimekuja”. Baadaye lilienea neno mlemavu, lenye kiambishi cha watu, kisha likafuata tamko mtu mwenye ulemavu, ambalo humtaja mtu kwanza na hali yake baadaye. Shule nazo zikapendelea kusema wasioona. Hata hivyo, viziwi wa Tanzania hawakulikimbia jina lao. Chama chao ni CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, na kwao kiziwi ni mtu mwenye lugha yake, si mtu aliyepungukiwa.

Katika Kongo ya mashariki neno linalosikika zaidi ni kilema, na wingi wake bilema, kwa matamshi ya huko. Tamko mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu limeingia kwa njia ya semina na nyaraka. Tofauti hiyo si ya adabu tu. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ni kilema, huenda akaona kuwa mambo yamekwisha. Akiambiwa kwamba anahitaji kitu fulani ili asome, ataanza kuuliza kitu hicho kinapatikana wapi.

Nukta nundu na faida ya herufi za Kiswahili

Shule ya kwanza iliyojulikana ya kuwafundisha wasioona kusoma ilifunguliwa Paris na Valentin Haüy mwaka 1785. Wanafunzi wake walipapasa herufi za kawaida zilizochongwa kwa kuinuka juu ya karatasi, kazi iliyokuwa ya polepole mno. Louis Braille, aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo, alibuni mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, mfumo wa nukta sita zinazopapaswa kwa ncha ya kidole, na akauchapisha mwaka 1829. Kutokana na nukta hizo sita hupatikana michanganyiko 63. Huu ndio mfumo ambao kwa Kiswahili huitwa nukta nundu.

Jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba mfumo huo ulitengenezwa kwa ajili ya Kifaransa, na Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji herufi w. Herufi hiyo iliongezwa baadaye, ndiyo maana umbo lake halifuati mpangilio wa jirani zake. Lugha inayosema watoto, mwalimu na wawili ingekuwa kilema katika mfumo wa Braille wa awali. Huu ni mfano mdogo, lakini unaonyesha kwamba chombo huja na lugha ya aliyekibuni, na lugha nyingine haina budi kujitengenezea nafasi ndani yake. Kazi ya kulinganisha nukta nundu kwa lugha mbalimbali ilichukuliwa na UNESCO kuanzia mwaka 1949, kwa ombi la India, na mkutano mmojawapo mkubwa ulifanyika Beirut mwaka 1951.

Katika Afrika Mashariki, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, mwaka 1946, na Kanisa la Anglikana likafungua ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Shule hizi zilikuta kazi ya lugha imekwisha kufanywa kwa sehemu kubwa. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa imesanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja, nayo tahajia hiyo humpa kila sauti herufi yake au jozi ya herufi isiyobadilika. Mtoto asiyeona anayesoma Kiingereza hulazimika kujifunza kwamba neno lililo chini ya kidole chake halitamkwi kama lilivyoandikwa. Anayesoma Kiswahili hana mzigo huo. Akizijua herufi, amejua kusoma.

Upande wa Kongo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Serikali ya Ubelgiji ilikabidhi elimu kwa misheni, na katika eneo la Beni mapadre Waasumsio walifika mwaka 1929. Lugha za wenyeji na Kiswahili zilitumika katika madarasa ya chini, na Kifaransa kikawa ngazi ya kupandia juu. Kwa hiyo elimu ya nukta nundu ilipofika Kongo ilifuata Kifaransa, pamoja na alama zake nyingi za lafudhi. Herufi za msingi ni zilezile, na kitabu cha Kiswahili kilichopigwa kwa nukta nundu zisizofupishwa Kenya au Tanzania chaweza kusomwa Butembo bila ya kujifunza upya. Kinachozuia ni mpaka wa mitaala na wa biashara ya vitabu, na uzito wa vitabu vyenyewe, kwa sababu kitabu kimoja cha kawaida hugeuka kuwa majuzuu kadhaa manene.

Alama za mikono na kazi ya Andrew Foster

Habari ya viziwi katika Afrika haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Andrew Foster. Alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1925, na homa ya uti wa mgongo ikamfanya kiziwi akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1954 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Mwaka 1957 alifungua shule nchini Ghana, na katika miaka thelathini iliyofuata alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, zikiwemo Burundi na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, Rwanda, mji unaopakana na Goma.

Foster hakuja na mashine. Alikuja na lugha, yaani alama zilizotokana na Lugha ya Alama ya Marekani, akazifungamanisha na Kifaransa katika nchi zinazokitumia, kisha akawaandaa walimu, wengi wao wakiwa viziwi, katika mafunzo yaliyofanyika Ibadan, Nigeria. Mpaka wakati huo, katika sehemu nyingi, mtoto kiziwi alihesabiwa kuwa hawezi kufundishika, au alilazimishwa kutazama midomo na kujifunza kutamka maneno asiyoyasikia. Kumpa lugha kamili ya mikono kulimfungulia mlango ambao hapakuwa na kifaa kilichoweza kuufungua.

Pamoja na ushindi huo, gharama yake haikuwa ndogo. Mtoto wa Kinande aliyefundishwa kwa utaratibu huo hujifunza alama zenye asili ya Marekani zinazoandamana na maandishi ya Kifaransa, ilhali mama yake hunena Kinande na Kiswahili. Likizo ikifika, hurudi nyumbani akiwa na lugha isiyojulikana na mtu yeyote hapo. Kazi ya lugha ilifanywa shuleni, ikaishia mlangoni pa shule. Kenya imekwenda hatua zaidi: Katiba ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya, na shirika la eKitabu limekuwa likitengeneza hadithi za watoto ambazo ndani yake maandishi na picha ya mtu anayesimulia kwa alama huonekana pamoja. Hadithi ya namna hiyo haiwezi kuchapwa katika karatasi. Hapa kishikwambi kina kazi ambayo kitabu hakiiwezi, na mzazi aketipo kando ya mtoto hujifunza naye.

Kishikwambi na jaribio la Tanga

Kompyuta za kibao zilienea duniani tangu mwaka 2010, kampuni ya Apple ilipotoa iPad. Mwaka mmoja kabla ya hapo, simu za Apple na zile zinazotumia mfumo wa Android zilikuwa zimewekewa programu za kumsomea kwa sauti mtu asiyeona kile kilichomo katika kioo. Kwa hiyo uwezo wa kumsaidia mwenye ulemavu ulikuwamo ndani ya vyombo hivi tangu siku za mwanzo. Lakini sauti hiyo ilinena lugha kubwa za Ulaya. Kiswahili kilipata nafasi kwa kuchelewa na kwa ukarimu wa wachache. Mathalani, programu huria ya eSpeak husoma Kiswahili kwa sauti ya kimashine, kavu lakini yenye kueleweka, na jambo hilo limerahisishwa na tahajia ileile iliyowafaa wasioona wa Thika na Buigiri.

Jaribio kubwa la kufundisha kusoma Kiswahili kwa kishikwambi lilifanyika mkoani Tanga. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la kutengeneza programu ambayo mtoto angeitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila ya kuwa na mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa muda wa miezi 15, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170. UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilishiriki, na mitambo ya umeme wa jua ikawekwa vijijini kwa ajili ya kuchajia. Kwa mujibu wa waandaaji, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili mwanzoni, na idadi hiyo ilipungua kwa nusu jaribio lilipomalizika. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School.

Historia ya Kitkit School ina maana ya pekee kwa mada hii. Programu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa California mwaka 2012 na Sooinn Lee na Gunho Lee, wanandoa wenye asili ya Korea waliokuwa wamefanya kazi katika michezo ya kompyuta. Mtoto wao alizaliwa akiwa na ulemavu, nao wakaanza kutunga masomo ya hesabu ambayo yeye na wenzake wangeyaweza: hatua fupifupi, vitufe vikubwa, nafasi ya kukosea bila ya kuaibishwa. Masomo yaliyotungwa kwa ajili ya mtoto aliyehesabiwa kuwa mzito ndiyo yaliyokuwa msingi wa programu iliyowafaa watoto wa Tanga ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Programu za onebillion nazo zilichunguzwa nchini Malawi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wanafunzi wenye mahitaji maalumu walipiga hatua katika hesabu, ingawa kwa mwendo wa polepole kuliko wenzao.

Yafaa kuangalia kilichotangulia mafanikio hayo. Nchini Malawi programu zilinena Chichewa. Mkoani Tanga zilinena Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa huko huisikia tangu utotoni na ambayo imesanifishwa kwa kufuata lahaja isiyo mbali na ya kwake. Kila neno, kila silabi na kila hadithi ilibidi itungwe na kurekodiwa kwa lugha hiyo. Kishikwambi kilibeba kazi hiyo, hakikuifanya.

Kiswahili kipi?

Tukirudi Beni, ndipo ugumu unapoanza. Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani, kikajulikana kwa jina la Kingwana, kikakua kwa kuchanganyika na lugha za wenyeji. Wanaoorodhesha lugha za dunia wamekipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, tofauti na swh ya Kiswahili cha pwani. Katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo watu ni batu, vitu ni bintu, darasa ni kalasi, na kwenda shule ni kwenda ku masomo. Wakati huohuo kanisani na redioni husikika Kiswahili kinachokaribia kile sanifu. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 imeruhusu lugha za taifa au za mahali kutumika katika ngazi za mwanzo. Haikusema ni Kiswahili cha nani.

Eneo hili limekwisha kuonja matokeo ya kulipuuza swali hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kuwa umezuka Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Uchunguzi uliofanywa Goma mwaka 2019 na shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba habari nyingi za kinga zilitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, na kwamba wananchi wengi hawakuzielewa vizuri au hawakuziamini. Ikiwa mtu mzima, mwenye akili timamu na mwenye kuogopa kufa, alishindwa kuufahamu ujumbe kwa sababu ya tofauti hizo, mtoto mwenye ulemavu wa akili atawezaje? Mtoto mwepesi akisikia watu hujua mara moja kwamba ni batu. Kwa mtoto ambaye neno moja humgharimu wiki nzima, hilo ni neno jipya. Naye asiyeona, anayetegemea sauti peke yake, hana picha ya kumsaidia kukisia.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni kumfundisha kila mtoto Kiswahili sanifu tangu mwanzo. Hoja yao ina nguvu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na vitabu, programu na hadithi za alama zilizoko Nairobi na Dar es Salaam zingeweza kuvuka Kasindi kwa njia ileile wanayopita wafanyabiashara wa Butembo. Kuzikataa kwa sababu ya matamshi kungekuwa hasara kubwa. Lakini historia iliyosimuliwa hapo juu yaonyesha kwamba mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu hufika mbali akianzia pale alipo. Kwa hiyo yaelekea kwamba njia inayofaa ni ya ngazi mbili: sauti na maneno ya Kongo, pamoja na Kinande inapobidi, katika masomo ya kwanza, kisha Kiswahili sanifu kama lango la kuingilia katika hazina ya vitabu. Kishikwambi chaweza kubeba sauti zote mbili kwa gharama ileile, jambo ambalo kitabu cha kuchapwa hakikuliweza. Programu za washindani wa Tanga ziliachwa wazi ili mtu yeyote azibadilishe, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji kuanzia mwanzo kabisa.

Umeme, vita na sheria

Mambo ya nje ya lugha hayawezi kupuuzwa. Mauaji ya raia yaliyoanza kuenea katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014 yamewahamisha watu wengi na kuvunja masomo mara kwa mara. Familia ikikimbia usiku haibebi majuzuu ya nukta nundu. Kishikwambi hubebeka, lakini huibwa kwa urahisi na humvutia mwenye silaha. Mwaka 2014 masanduku ya maktaba yenye vishikwambi, yaitwayo Ideas Box, yalipelekwa katika kambi za wakimbizi Wakongo nchini Burundi, na hapo chombo kilikuwa mali ya wote, kikitunzwa mahali pamoja chini ya uangalizi. Utaratibu huo waelekea kufaa zaidi kuliko kumpa kila mtoto chake. Umeme wa maji wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ulianza kutolewa mwaka 2013, na mionzi ya jua ipo kila mahali.

Upande wa sheria, Kongo ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria yake yenyewe ya kuwalinda. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, na madarasa yakafurika. Katika darasa lililofurika, anayesahaulika kwanza ni yule asiyeweza kuuliza.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba nukta nundu zilistawi katika Kiswahili kwa sababu tahajia ilikuwa tayari. Kwamba shule za Foster zilisimama kwa sababu zilitanguliza lugha ya alama na walimu wake. Na kwamba vishikwambi vya Tanga vilifundisha kwa sababu vilinena lugha ya mtoto. Katika Beni na Butembo kazi hiyo ya kutangulia bado ina mapengo: msamiati wa masomo ya kwanza kwa Kiswahili cha Kongo, sauti za kusomea zilizorekodiwa na wenyeji, na hadithi za alama ambazo mzazi anaweza kuzifuata. Butembo ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben tangu mwaka 1989, na vyuo vya ualimu vipo. Wanafunzi wa lugha katika vyuo hivyo wangeweza kuanza na jambo dogo: kwenda kwa mtoto mmoja asiyeona, kumsikiliza anavyonena, na kuandika maneno anayoyatumia. Orodha hiyo ndiyo ingekuwa somo la kwanza la kupakiwa katika kishikwambi.